Daftari liko kwa mama: kisa cha cheti cha ubatizo kati ya Mufindi na Unguja

Tarehe 13 Januari 2025 ilikuwa Jumatatu. Siku hiyo wachumba wawili waliingia ofisi ya parokia moja ya Unguja mjini, na tarehe ya harusi walikuwa nayo tayari: Jumamosi, 22 Februari. Ukumbi ulishatolewa arubuni, nguo za wasimamizi ziko kwa fundi. Tarehe hiyo haikuokotwa. Mwaka huo mwezi wa Ramadhani ulitarajiwa kuandama mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi. Anayetaka harusi ya muziki na pilau hapa Unguja, akishaikosa Februari, hana budi asubiri hadi Pasaka ipite, nayo ilikuwa 20 Aprili. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anaigombea Februari.

Walikuwa na siku 40. Harusi ilifungwa 3 Mei, siku 70 baada ya tarehe waliyoipanga. Uchambuzi huu unafuatilia siku hizo 70 zilikwenda wapi, maana nyingi kati yake zingeokolewa na simu mbili zilizopigwa panapostahili. Wahusika hawatajwi kwa majina yao halisi, na kisa chenyewe kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika ofisi za parokia za visiwani. Kalenda na sheria ni kama zilivyo.

Bibi harusi ni Mkatoliki, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Mufindi. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka miwili, kisha akaja Nungwi kwenye hoteli. Bwana harusi ni fundi umeme, kwao Mbweni, Mwanglikana aliyebatizwa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Unguja. Jambo la kwanza walilouliza ni mafundisho ya ndoa yanachukua wiki ngapi. Paroko aliwauliza la kwake: cheti kipya cha ubatizo cha bibi harusi kiko wapi?

Alikuwa na kadi. Ilikuwa imetiwa plastiki kwa mashine ya dukani, ngumu kama kitambulisho, inang'aa. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, isichakae. Lakini kadi ya namna hiyo haifai kwa ndoa, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri kwa kuwa ndiyo kiini cha kisa chote. Kadi aliyopewa mtoto siku ya kipaimara inasema alivyokuwa siku ile tu. Daftari la ubatizo linaendelea kuandikwa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba pembeni ya jina la aliyebatizwa yaongezwe mambo yote yanayogusa hali yake katika Kanisa: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima za kitawa, kubadili riti. Mtu akifunga ndoa Songea, parokia ya Songea inapaswa kuandika barua kwa parokia alikobatizwa, na huko waandike pembeni mwa jina lake. Kwa hiyo daftari moja, mahali pamoja, ndilo linaloweza kujibu swali ambalo padre wa Unguja analazimika kulijibu kabla ya kufungisha ndoa: je, mtu huyu yuko huru? Ndiyo maana ofisi hudai cheti kisichozidi miezi sita. Ubatizo haupitwi na wakati, lakini habari za pembeni hupitwa.

Kadi ile upande wa nyuma ilikuwa tupu, na hata ingekuwa na nafasi ya kuandika, juu yake kuna plastiki.

Tarehe 14 Januari bibi harusi alimpigia kaka yake kijijini. Jumamosi ya tarehe 18 kaka alikwenda parokiani, kanisa zuri jipya la matofali, karibu na nyumbani. Katibu akatoa daftari la 1998, mwaka aliozaliwa dada mtu, akapitisha kidole.

"Kaka, hayupo."

"Angalia tena dada, sote tumebatizwa hapahapa."

"Nimeangalia Januari mpaka Desemba. Gaudensia wapo wawili, lakini baba zao si huyo."

Hapo ndipo kisa kilipopotea njia. Familia ikaamua kwamba hakuandikwa. Wazee wakakumbuka padre fulani aliyekuwa akija na pikipiki, wakakumbuka mvua ya siku ile, wakahitimisha kwamba karatasi zililowa. Maelezo mazuri, ila si kweli hata kidogo.

Makosa yalikuwa matatu, na yote ni ya kawaida mno.

Kosa la kwanza ni mwaka. Daftari la ubatizo hufuata tarehe ya kubatizwa, si ya kuzaliwa. Binti alizaliwa Novemba 1998. Vigangoni, yaani kwenye makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, wakati ule padre alifika mara chache kwa mwaka, na ubatizo wa watoto wachanga ulingoja afike, au ungoje Pasaka. Mtoto wa Novemba 1998 hutafutwa kuanzia Desemba 1998 hadi 2000 yote, na pengine mbele zaidi kama wazazi walikuwa hawajafunga ndoa kanisani na wakacheleweshwa.

La pili ni jina. Katibu alitafuta kwa jina la ubatizo, ambalo katika kijiji kimoja linaweza kuwa la watoto kumi. Njia ya haraka ni kutafuta kwa majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo, maana hayo yakikaa pamoja hayajirudii. Tena tahajia hutangatanga. Kwenye kitambulisho cha taifa binti ni Gaudencia kwa c, wakati padre aliyeandika daftari alitumia s. Madaftari ya zamani ya parokia nyingi yana vichwa vya Kilatini, na jina la ubatizo linaweza kuwa limeandikwa kwa sura ya Kilatini. Johannes wa daftarini ndiye Yohana wa kijijini na John wa kwenye cheti cha shule. Ofisi ya parokia haiwezi kubadilisha kilichoandikwa ili kifanane na kitambulisho. Inachoweza ni kuandika barua kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, na barua hiyo hutosha.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Kanisa lile jipya la matofali halikuwa parokia mwaka 1998. Lilikuwa kigango. Lilipandishwa kuwa parokia miaka mingi baadaye, na parokia inapozaliwa hufungua madaftari yake kuanzia siku hiyo. Ya nyuma hayahamishwi wala hayagawanywi: daftari moja lina watoto wa vigango kumi na mbili, huwezi kulipasua. Yanabaki kwenye parokia mama. Daftari la 1998 alilolipitisha kidole katibu lilikuwa na jalada la mwaka huo, lakini ndani yake mlikuwa na watu wazima waliobatizwa kwingine na kunakiliwa wakati wa kuhesabu waumini wa parokia mpya. Ndiyo maana akina Gaudensia wawili walionekana, na huyu, aliyekuwa shule ya bweni wakati wa hesabu ile, hakuonekana.

Kanisa la Tanzania limekua kwa kuzaa hivi, na si parokia peke yake. Majimbo nayo hugawanywa. Kayanga lilitoka Rulenge mwaka 2008, Bunda lilitengwa 2010 kutoka Musoma na Mwanza, Ifakara likatoka Mahenge 2012. Mafinga, ambalo Mufindi imo ndani yake, lilitangazwa Desemba 2023 kutoka Iringa. Na wakati wachumba hawa wakihangaika, Machi 2025, Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo kutoka Dar es Salaam na Morogoro. Bagamoyo yenyewe ni mtoto wa Unguja: mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja 1863, wakavuka kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Ukiuliza parokia mama ya Bara nzima iko wapi, jibu liko ng'ambo hii ya maji, ingawa leo waumini wengi wanaojaza Minara Miwili, kanisa kuu Katoliki la Unguja, siku ya Pasaka wanaandika barua zao kwenda Bara kutafuta vyeti.

Wachumba, kwa kuwa kadi ilisema "Jimbo la Iringa", walituma barua Iringa. Barua ilikaa. Wakati huohuo familia ilianza kutafuta mashahidi wa ubatizo, mama mzazi na mama wa ubatizo, kwa sababu mtu mmoja aliwaambia kwamba sheria inaruhusu. Ni kweli inaruhusu. Kanuni ya 876 inasema tamko la shahidi mmoja asiye na shaka linatosha kuthibitisha ubatizo, endapo halimdhuru mtu mwingine. Paroko wa Unguja alilikataa kwa wakati ule, na wachumba wakamwona mgumu. Alikuwa na haki. Mama mzazi anaweza kuapa kwamba mwanawe alimwagiwa maji kwa jina la Utatu. Hawezi kuapa kwamba hakuna barua ya ndoa kutoka Dar es Salaam iliyowahi kuandikwa pembeni ya jina la mwanawe. Shahidi anathibitisha ubatizo, daftari linathibitisha uhuru. Mashahidi ni njia ya mwisho, pale daftari lilipoungua au kuliwa na mchwa, na hata hapo huambatana na viapo vya uhuru.

Jumatatu ya 3 Februari, siku moja baada ya Jumapili ambayo tangazo la kwanza la ndoa lilipaswa kusomwa kanisani, paroko aliacha barua akapiga simu ofisi ya Jimbo la Mafinga. Ilichukua dakika chache. Akauliza swali moja: kigango hiki kabla hakijawa parokia kilikuwa chini ya nani? Wakamtajia parokia mama na namba ya ofisi. Swali hilo lingeulizwa 14 Januari, na mtu wa kulijibu alikuwepo karibu zaidi: katekista mzee yeyote wa kigango analijua jibu bila kufungua kitabu.

Ombi alilotuma paroko linafaa kunakiliwa na yeyote mwenye shida kama hii, kwa kuwa lilimpunguzia katibu wa upande wa pili kazi ya siku nzima:

"Tumsifu Yesu Kristo. Tunaomba kutafutiwa katika daftari la ubatizo: jina Gaudensia, baba fulani, mama fulani, msimamizi wa ubatizo fulani, kigango fulani kilipokuwa chini ya parokia yenu, amezaliwa Novemba 1998, amebatizwa kati ya Desemba 1998 na mwisho wa 2000. Tunaomba cheti kipya kwa ajili ya ndoa chenye namba ya LB, habari za kipaimara, na yote yaliyoandikwa pembeni ya ukurasa. Kama hakuna, tunaomba iandikwe kuwa hakuna."

LB ni Liber Baptizatorum, daftari la wabatizwa. LC ni la kipaimara, LM la ndoa, LD la marehemu. Vifupisho hivi vinne vimebaki hadi leo, na anayevijua huzungumza na katibu yeyote wa parokia kama mtu wa ndani.

Jumamosi ya 8 Februari jina lilionekana, ubatizo wa Pasaka ya 1999. Picha ya ukurasa ikaja kwa simu. Kuna ofisi zinazokataa picha kabisa, na nyingine zinazoikubali kabisa, na zote zinakosea. Picha iliyotumwa na paroko kwa paroko inatosha kuanza: jina sahihi lipo, wazazi wapo, pembeni hapana kitu, tangazo linaweza kusomwa Jumapili inayofuata. Haitoshi kumaliza. Kabla ya siku ya harusi lazima iwepo karatasi halisi yenye sahihi na muhuri wa parokia, maana ndiyo itakayokaa kwenye jalada la ndoa miaka hamsini baada ya simu kufa. Kwa ndoa inayovuka jimbo, ofisi nyingi hutaka pia muhuri wa ofisi ya Askofu wa jimbo inakotoka. Paroko wetu hakuanza matangazo kwa picha. Hapo, kwa maoni yetu, alipoteza muda bure.

Karatasi halisi ilipanda basi Mafinga, ikalala Dar es Salaam kwa shangazi, ikavuka kwa boti, ikafika 20 Februari. Harusi ilikuwa keshokutwa yake. Lakini hata ingefika mapema, ilikuwa na tatizo: mbele ya neno "Ndoa" pameachwa wazi.

Nafasi iliyo wazi si jibu. Inaweza kumaanisha kwamba hakuna ndoa, au kwamba katibu hakutazama pembeni, au alitazama asielewe mwandiko. Cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa kinapaswa kusema neno: "hakuna", au mstari uliopigwa na sahihi fupi juu yake. Iliombwa barua ya nyongeza, ikafika 28 Februari. Wiki nzima kwa neno moja. Makatibu wa parokia wakisoma haya, na waandike "hakuna".

Huku Unguja mambo mawili mengine yalikuwa yakichemka.

La kwanza ni jumuiya. Parokia karibu zote za Tanzania hudai barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo kabla ya kupokea wachumba, na mwenyekiti hutazama kadi ya zaka na mahudhurio. Bibi harusi alikuwa hotelini Nungwi kwa zamu. Jumuiya hukutana wakati yeye yuko kazini, na Jumapili ndiyo siku wageni wanapowasili na kuondoka. Mwenyekiti alisema hamfahamu, na alisema kweli. Lakini kanuni ya 1058 ni pana: wote ambao sheria haiwazuii wanaweza kufunga ndoa. Kutohudhuria jumuiya si kizuizi cha ndoa, na zaka haimo popote katika orodha ya vizuizi. Barua ya jumuiya ina kazi nyingine, nayo ni nzito: inasema kuna watu wanaomjua mtu huyu na wanaoweza kushuhudia kwamba hana mume mahali. Kama jumuiya haimjui, ushuhuda huo utafutwe kwingine. Hapa walipatikana Wakatoliki wawili aliofanya nao kazi Nungwi na mmoja aliyeishi naye Dar es Salaam miaka ile miwili, wakahojiwa kila mmoja peke yake, wakatia sahihi. Sehemu yoyote mtu alikokaa muda mrefu akiwa mtu mzima, ushuhuda wa huko unahitajika. Watu husahau Dar es Salaam kwa sababu walikuwa wanapita tu, na kumbe walipita miaka miwili.

La pili ni Mkunazini. Cheti cha ubatizo cha bwana harusi kilipatikana kwa siku tatu, kutembea kwa mguu kutoka kanisa moja hadi jingine. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kianglikana, hivyo hii ni ndoa mseto, yaani ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa katika dhehebu jingine, na kanuni ya 1124 inataka ruhusa ya mamlaka ya jimbo. Ombi huandikwa na paroko, si na wachumba, na lina mambo manne: sababu ya haki ya kuomba, tamko la Mkatoliki kwamba yuko tayari kuondoa hatari za kuiacha imani, ahadi yake ya dhati kwamba atajitahidi kadiri awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na uthibitisho kwamba mwenzake ameelezwa ahadi hiyo. Mwenzake hasaini ahadi. Anaarifiwa. Familia ya Mbweni ilikasirika ilipodhani kijana wao anatiwa sahihi ya kuwatoa watoto, na hasira hiyo ingeepukwa kama ofisi ingewasomea karatasi yenyewe badala ya kuwasimulia. Ruhusa inaweza kutolewa pia na makamu wa Askofu, kwa hiyo Askofu kuwa safarini si sababu ya kusubiri.

Ombi lilitumwa 3 Machi tu, maana paroko alingoja cheti cha bibi harusi kikamilike. Jibu lilifika baada ya siku tisa.

Kadi za mwaliko, kwa bahati mbaya, kamati ya harusi ilikwisha kuzichapa tangu Januari, na juu yake kwa maandishi ya dhahabu: "Misa Takatifu ya Ndoa". Ilikuwa makosa mawili katika mstari mmoja. Tarehe haikuwa imekubaliwa, na ndoa kati ya Mkatoliki na Mkristo wa dhehebu jingine kwa kawaida hufungwa nje ya Misa: masomo, mahubiri, makubaliano, pete, baraka, bila Ekaristi. Askofu anaweza kuruhusu Misa kwa sababu nzuri, lakini fikiria kwanza picha yenyewe: mmoja anakomunika, mwingine na nusu ya kanisa wamekaa. Ibada isiyo na Misa haipunguzi chochote katika ndoa. Kadi ziandike "Ibada ya Ndoa", na zichapwe baada ya tangazo la pili.

Familia ya bwana harusi iliomba pia sherehe ya pili Mkunazini jioni ileile. Kanuni ya 1127 inakataza wazi kurudia makubaliano ya ndoa katika ibada nyingine, kabla au baada. Kinachowezekana ni padre wa Kianglikana kualikwa kusoma Neno, kuomba, kutoa baraka, na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Njia nyingine ipo, na wachache wanaijua: kwa ugumu mkubwa, Askofu anaweza kumsamehe Mkatoliki utaratibu wa Kikatoliki wa kufunga ndoa, na ndoa ikafungwa Mkunazini moja kwa moja ikawa halali. Huombwa kabla. Haiombwi baada ya harusi.

Swali linaloulizwa zaidi hapa visiwani si hili la Mwanglikana. Ni la Mwislamu. Hapo mambo hubadilika kwa kina: tofauti ya dini kati ya aliyebatizwa na asiyebatizwa ni kizuizi, kanuni ya 1086, na bila kufunguliwa kizuizi hicho ndoa kanisani ni batili, haipo. Kwa ndoa mseto ya Wakristo, kukosa ruhusa ni kosa, ila ndoa inasimama. Ahadi za Mkatoliki ni zilezile. Ndiyo maana cheti cha Mkunazini kilitakiwa kwa ukali: kingekuwa na shaka, paroko angeomba kizuizi kifunguliwe kwa tahadhari, pamoja na ruhusa.

Karatasi za serikali zilileta kizaazaa kidogo. Mjomba kutoka Mafinga alikuja na fomu za Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, haivuki maji. Ndoa iliyofungwa Unguja husajiliwa kwa sheria za Zanzibar, na vyeti hushughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Muulize paroko mapema ni fomu gani na nakala ngapi. Vitambulisho vya Bara vinakubalika, fomu za Bara hapana.

Matangazo yalisomwa 16, 23 na 30 Machi, katikati ya Kwaresima. Wengi hudhani haiwezekani. Kinachoahirishwa wakati wa Kwaresima, kwa desturi ya parokia nyingi, ni harusi; matangazo, mahojiano, mafundisho na barua vinaendelea, na kwa kweli huo ndio wakati mzuri wa kuvimaliza. Kwa kuwa mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilikwenda pamoja karibu mwezi mzima, ofisini palikuwa na utulivu ambao Januari haukuwepo. Shida ilikuwa usafiri tu: mafundisho ya saa kumi na mbili jioni yalihamishiwa saa tisa, kwa sababu wakati wa kufuturu huipati daladala ya kurudi Mbweni, sembuse Nungwi. Tangazo lilisomwa pia Mufindi, kwenye parokia mpya, kwa watu wanaomjua binti tangu utoto. Hakuna aliyeinuka. Aliyesikia tangazo na anajua kizuizi anawajibika kusema, kanuni ya 1069, na ubao wa matangazo nje ya kanisa unasomwa na wengi kuliko sauti ya katibu baada ya Komunyo.

Jumamosi ya 26 Aprili ilikuwa sikukuu ya Muungano na kumbi zote zimejaa. Wakachukua 3 Mei. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja Mkatoliki na mmoja Mwanglikana; kanuni ya 1108 inataka mashahidi wawili, haisemi wa dhehebu gani. Ibada ilichukua saa moja na robo. Arubuni ya ukumbi wa Februari haikurudi.

Jumatatu, 5 Mei, ilibaki kazi moja ambayo parokia nyingi huisahau kwa sababu hakuna mtu anayengoja ofisini. Kanuni ya 1122 inataka parokia ilikofungwa ndoa iiarifu parokia ya ubatizo. Fomu ni nusu ukurasa: majina, tarehe, mahali, mashahidi, namba ya LM, namba ya LB ya bibi harusi, na chini kipande cha kukata kinachorudishwa kikiwa na sahihi kwamba imeandikwa. Katibu wa Unguja alikuwa karibu kuituma kwenye kanisa lile jipya la matofali, kwa kuwa ndiko tangazo liliposomwa na anwani ilikuwa juu ya meza. Ingekaa huko kwenye mtoto wa meza, na siku mtu mwingine atakapoomba cheti cha Gaudensia, parokia mama ingeandika kwa uaminifu kabisa: "Ndoa: hakuna."

Paroko akaifuta anwani, akaandika ya mama. Kipande kilirudi kwa boti mwezi Juni, na nyuma yake katibu wa huko alikuwa amegandisha picha ndogo ya ukurasa wa 1999: mwandiko wa padre wa pikipiki katikati, na pembeni, kwa wino mpya wa bluu, "Ndoa: Zanzibar, 3 Mei 2025", na namba yake.